Wimbo wa Rafiki Aliyepotea Angali Hai
"Shine On You Crazy Diamond", Pink Floyd, 1975

Syd Barrett alikuwa mwimbaji, mpiga gitaa na mtunzi mkuu wa Pink Floyd ilipoanza. Afya yake ya akili ilipozorota, alitoka kwenye bendi mwaka 1968. Nafasi yake ilishikwa na David Gilmour, rafiki yake wa ujanani mjini Cambridge, Uingereza.

"Shine On You Crazy Diamond", utunzi wa roki ya progresivu unaomhusu Barrett, ulichipuka kutokana na noti nne za gitaa la Gilmour. Maneno aliyaandika Roger Waters, mwanabendi mwenzake. Una sehemu tisa, takribani dakika 26. Nusu inafungua albamu ya Wish You Were Here, nusu inaifunga. Katika milio ya mwanzo mna sauti za glasi za mvinyo zilizosuguliwa kingo kwa kidole kilicholowa. Mwishoni kabisa, kinanda cha mwanabendi Richard Wright kinapenyeza tuni ya "See Emily Play", utunzi wa Barrett wa 1967.

Juni 1975, bendi ikiwa kazini kurekodi albamu hiyo katika studio za Abbey Road, London, aliingia mtu mnene, amenyoa kichwa na nyusi. Wenzake walichukua muda kumtambua: alikuwa Barrett. Alifariki Cambridge mwaka 2006.