Kushambulia Hospitali: Ni Vita au ni Hiraba?

Kila sifa njema ni ya Allah (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Ahali zake na Swahaba zake.

Katika vita vya Khandaq, mwaka wa 5 Hijria, Sa'd bin Mu'adh (R.A.) alipigwa mshale mkononi. Mtume (S.A.W.) akaamrisha awekwe katika hema msikitini, na wanahistoria wamemtaja Bibi Rufaida wa kabila la Aslam kuwa ndiye aliyewatibu majeruhi humo. Athari hiyo ilidumu. Nuruddin Zanki alijenga hospitali Damascus mwaka 1154, na Sultan Qalawun akajenga yake Cairo mwaka 1284, zote zikiendeshwa kwa mali ya wakfu.

Je, anayeivamia nyumba kama hiyo ni gaidi? Wanazuoni wetu wana jina la zamani zaidi, nalo ni hiraba, ambayo asili yake ni aya ya 33 ya Surat al-Maida. Maana yake ni kuwatisha watu kwa silaha pasipo wa kuwaokoa. Imam Abu Hanifa aliona haiwi ndani ya mji, kwani mjini anayepiga kelele huokolewa. Imam Malik na Imam Shafi'i waliona yaweza kuwa hata mjini. Sasa tumtazame mgonjwa aliyelazwa. Yumo mjini, lakini hawezi kukimbia, na daktari wake anauawa pamoja naye. Basi hata sababu aliyoitazama Abu Hanifa haimtoi mvamizi huyo.

Tarehe 5 Desemba 2013 huko Sana'a, Yemen, watu wenye silaha waliingia hospitali iliyo ndani ya eneo la wizara ya ulinzi, wakaua madaktari, wauguzi na wagonjwa. Waliokufa siku hiyo walizidi 50. Kundi la al-Qaida la huko lilikiri, kisha likaomba radhi kwa yaliyotendeka hospitalini. Hata wenyewe hawakupata hoja ya kuyahalalisha.

Tarehe 3 Oktoba 2015 huko Kunduz, Afghanistan, ndege ya Marekani iliipiga hospitali ya Madaktari Wasio na Mipaka, wakafa watu 42. Uchunguzi wa jeshi hilo ulisema ni makosa, si kusudi. Tunasema: hiraba yahitaji kusudi, lakini kukosekana kusudi hakuifuti damu. Surat an-Nisaa, aya ya 92, imeweka diya na kafara kwa aliyeua kwa kukosea. Na likithibiti kusudi, sare ya jeshi haimtakasi mtu.

Huenda akauliza muulizaji: wapiganaji wakijificha humo je? Mkataba wa Geneva wa 1949 wenyewe unataka onyo litangulie. Na Abubakar (R.A.) alipolituma jeshi Sham alikataza kuuawa wanawake, watoto na wazee. Mgonjwa asiyeshika silaha ana udhaifu ule ule.

Kwa hiyo tusiangalie bendera ya mtendaji ndipo tutoe jina. Aliyekusudia wagonjwa ili kutia hofu ni muharibu, awe wa kwetu au wa kwao. Imamu anayelaani la Kunduz akanyamazia la Sana'a, au kinyume chake, amepima kwa mizani mbili.

Wallahu a'lam.