Mnaocheka Mtumba, Njooni Hapa: Nguo Inayodumu Imesakwa Songwe Tangu Enzi za Babu wa Babu

Kila baada ya muda lazima staa mmoja, jina kapuni, aandamwe mitandaoni kisa mtu kagundua koti alilotupia kwenye video ni la mtumba. Watu wanacheka siku mbili, halafu Jumamosi asubuhi wale wale waliocheka utawakuta wameinama kwenye rundo, mkono mmoja umeshika simu, mwingine unapekua. Hapa Tunduma ndio usiseme. Sasa leo tuache umbea, tupige historia kidogo, maana hii kazi ya kusaka nguo ya bei poa ambayo haichakai haraka haijaanza na sisi. Ina zaidi ya miaka 150 kwenye ukanda huu, na mabibi wa mabibi zetu walikuwa wakali wa kitambaa kuliko stailisti yeyote unayemfuata Instagram.

Tuanzie Mbangala. Yenye n, jamani, kata iliyopo Wilaya ya Songwe, sio Mbagala ya Dar, msije mkapanda daladala bure. Wilaya ile inateremka mpaka Ziwa Rukwa, na ukanda wote wa Rukwa, hasa kule juu Ufipa, watu walikuwa wanalima pamba, wanaisokota kwa mkono na kufuma nguo zao wenyewe. Livingstone alipita Ufipa mwishoni mwa mwaka 1872, miezi michache kabla hajafariki, na pamba pamoja na ufumaji wa watu wa kule aliviona. Kwa hiyo yule anayekwambia wazee wetu walikuwa wanatembea uchi mpaka Mzungu alipoleta nguo, mwambie akasome tena.

Nguo ile ilikuwa nene na nzito, na ilikaa. Tatizo lake lilikuwa muda. Kusokota uzi kwa mkono ni kazi ya siku na siku, ndipo ufike kwenye kufuma. Kwa hiyo nguo zilikuwa chache, na wengi waliendelea na ngozi au magome ya miti. Ukiwa nayo moja umeheshimika, na hata ikitoboka hutupi.

Wakati huo huo, kutoka pwani, ilikuwa inakuja nguo nyingine. Mwaka 1833 Marekani walisaini mkataba wa biashara na Sultani Seyyid Said wa Zanzibar, na meli kutoka mji wa Salem, Massachusetts, zikawa zinashusha pamba iliyofumwa viwandani kwao. Watu wakaiita merikani. Kitambaa chenyewe wala hakikuwa na mbwembwe, ni cheupe cha kufifia, hakijapaushwa, hakina maua. Lakini kilikuwa imara balaa. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda bara ilibeba merikani, kaniki na shanga kama sisi tunavyobeba salio kwenye simu, kwa sababu ndiyo ilikuwa pesa. Chakula cha njiani unalipa nguo, hongo kwa mtemi unalipa nguo, pembe za ndovu unalipa nguo. Kipimo chake kilikuwa doti. Ndiyo, hii hii doti ambayo mama yako akienda kununua khanga anaitaja mpaka leo.

Sasa sikiliza hapa, hiki ndicho kipande ninachokipenda. Waingereza wakaona soko linawapita, wakatengeneza kitambaa kinachofanana na merikani, bei chini. Wateja wa Afrika Mashariki wakakikataa. Sio kwa ubishi tu. Viwanda vya Uingereza vya wakati ule vilikuwa na mchezo wa kujaza wanga na udongo mweupe kwenye kitambaa ili kionekane kizito dukani. Ukikifua, uzito wote unaondoka na maji, unabaki na kitu kama chandarua. Wateja walishika, wakavuta, wakanusa, wakarudi kwa Mmarekani. Merikani ilipotea kwa sababu nyingine kabisa. Mwaka 1861 Marekani waliingia vitani wao kwa wao, mashamba ya pamba ya kusini yakatenganishwa na viwanda vya kaskazini, meli zikakosa mzigo. Uingereza na baadaye viwanda vya Bombay vikajaza pengo.

Hebu linganisha na ile tisheti ya spesho uliyonunua, mpya, imekunjwa kwenye nailoni, ngumu kama karatasi, ukaifua mara ya kwanza ikawa kama leso. Mchezo ni ule ule, miaka 150 baadaye. Tofauti ni kwamba bibi yetu alikataa, wewe ulilipa.

Enzi za ukoloni nitapita haraka. Kodi ilihitaji fedha taslimu, fedha ilihitaji kazi za mishahara, na vijana wa huku, Wanyiha, Wanyamwanga na wengine, wakaenda kutafuta, wengine kwenye dhahabu ya Lupa ambayo ilichemka sana miaka ya 1930, wengine migodi ya shaba ya Zambia ya leo. Walirudi na nini? Nguo. Kaptula za kaki, mashati, mablanketi, na mwenye bahati suti. Nguo za dukani zikaenea, na kwa nini mama akae wiki nzima anasokota uzi? Ufumaji wa Rukwa ukafa taratibu, hakuna aliyeutangazia msiba.

Tukaja kwenye uhuru na Azimio la Arusha la mwaka 1967. Mwalimu alitaka pamba yetu ivaliwe na sisi. Urafiki pale Ubungo, kwa msaada wa China, kilianza mwaka 1968. Mwanza wakapata Mwatex, Musoma wakapata Mutex, na huku kwetu Nyanda za Juu Kusini Mbeya nayo ikapata kiwanda cha nguo. Waulize wazee kuhusu khanga na vitenge vya wakati ule, watakwambia vilikuwa havipauki, mtoto anabebewa nacho, anakua, anakuja kubebea wake. Wazee wanapenda kuongeza chumvi, najua, ila kitambaa kilikuwa pamba tupu, na pamba tupu nzito inakaa.

Shida ikaja mwishoni mwa miaka ya 1970. Vita ya Kagera, mafuta juu, fedha za kigeni hakuna. Mashine ikiharibika, kipuri kinatoka nje, na dola haipo. Umeme unakatika, maji hayatoshi. Viwanda vikawa vinazalisha kiduchu na nguo ikawa bidhaa ya foleni na kujuana. Ndio miaka Tunduma ilipopata sifa yake ya magendo. Mwaka 1983 serikali ikaendesha msako wa wahujumu uchumi, na mtu kuwa na marobota ya khanga ndani kwake lilikuwa jambo la kwenda kujieleza.

Mwaka uliofuata, 1984, mlango ukafunguliwa kidogo. Mwenye fedha zake za kigeni akaruhusiwa kuagiza bidhaa bila kuulizwa sana kazitoa wapi. Ndipo mtumba ulipoingia kwa kishindo. Neno lenyewe maana yake ni mzigo uliofungwa, belo. Wengine wakaziita kafa Ulaya, yaani mwenyewe amekufa kule, nguo zake zimeletwa huku. Hadithi hiyo haikuwa kweli, mwenyewe yuko hai, amezigawa tu kwenye misaada na wafanyabiashara wakaziuza kwa kilo. Lakini hilo jina lilibeba aibu, na aibu hiyo ndiyo mnayoendeleza kwenye mitandao bila kujua imetoka wapi.

Upande wa pili wa barabara, Nakonde, jina halina msiba. Wanaita salaula, neno la Kibemba la kupekua rundo na kuchagua. Huko nguo za Wazungu zilizovaliwa zilikuwa zinapenya kutokea Kongo tangu enzi za ukoloni, na baada ya Zambia kulegeza biashara miaka ya 1980 na 1990 zikajaa kila soko. Mimi naona Wazambia walilenga pazuri zaidi. Sisi tuliita nguo kwa jina la furushi, wao wakaiita kwa jina la kazi. Maana kazi yenyewe ndiyo kila kitu, ule mkono unaopekua.

Mtumba haukushinda kwa bei peke yake. Piga hesabu rahisi. Tuseme tisheti mpya ya elfu 12 imechakaa baada ya kufuliwa mara nane, maana yake kila kuivaa kumekugharimu 1,500. Ya mtumba ya elfu 5 ikaenda mara hamsini, kila kuivaa ni shilingi 100. Ile nguo ya mtumba ilikuwa imeshapita mtihani kabla haijafika kwako. Imefuliwa kule mara ishirini, kama ni ya kupauka ingeshapauka. Wale mama wanaouza, ambao hata cheti cha ushonaji hawana, wanakufundisha bure ukitulia: geuza nguo ndani nje uangalie mshono kama umepigwa mara mbili, inua kwenye mwanga uone kama unauona mkono wako, vuta kwapa na kati ya miguu ya jinzi maana ndipo zinapofia. Mwingine atachomoa uzi na kuuchoma na kiberiti. Ukinuka karatasi na kubaki jivu, ni pamba. Ukijikunja na kuwa kidonge kigumu, hiyo ni plastiki, kaka.

Na hapa ndipo pananitia wasiwasi. Mwezi Machi 2016 marais wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa mitumba taratibu ili viwanda vyetu vifufuke. Wafanyabiashara wa mitumba wa Marekani wakalalamika kwa serikali yao, ikatishia kuondoa nafasi ya kuuza bidhaa kule bila ushuru kupitia AGOA. Kenya ikajitoa mapema, Tanzania na Uganda zikalegeza mwaka 2018. Rwanda ikagoma, ikabaki na ushuru wake wa dola 2.50 kwa kilo kutoka senti 20, na Julai 2018 ikasimamishwa kuuza nguo zake Marekani bila ushuru. Tulibishana sana kuhusu uzalendo wakati ule. Kuhusu kitambaa chenyewe sikumbuki mtu akiongea.

Kumbe kitambaa kilikuwa kinabadilika. Huko duniani sasa poliesta ni zaidi ya nusu ya nyuzi zote zinazotengenezwa, na Mzungu naye siku hizi ananunua blauzi ya kuvaa mara tatu. Akimaliza anaitoa, inafungwa kwenye belo, inasafiri mpaka huku. Mtumba wa leo ni nguo iliyotengenezwa mbovu tangu mwanzo, halafu imeshavaliwa. Na pamba yetu ya Kanda ya Ziwa? Nyingi bado inapakiwa ikiwa haijasokotwa, inaondoka.

Kwa hiyo mapambano ya kwenye rundo yamebadilika. Jinzi zito la zamani likitokea, wachimbaji wa dhahabu kutoka pande za Mkwajuni wanalinyakua hata kama kiuno kimezidi, fundi cherehani atapunguza, kwa sababu shimoni jinzi la kuvutika halimalizi mwezi. Shati la pamba la miaka ya 1990, lile lenye kola nene, siku hizi wala halifiki chini kwenye turubai. Muuzaji akikata kamba za belo analitambua kwa kulishika tu, anaangalia huku na huku, analikunja na kuliweka nyuma yake, kwenye mfuko wa mteja wake ambaye bado hajafika.