Sehemu ya 4: Waliochimbua tope la Katesh

Mama zangu na dada zangu wa Hanang na Mbulu, leo tunarudi nyuma kidogo. Hasa wewe ambaye baba watoto ni askari, kaa hapa.

Jumapili asubuhi, tarehe 3 Desemba 2023, kipande cha Mlima Hanang kilimeguka. Mvua ilikuwa imelowanisha miamba laini, tope likashuka na mawe na magogo hadi Gendabi, Jorodom na mjini Katesh. Waliofariki walifika 89. Tunawalilia, ni haki yao. Ila nani aliingia kwenye lile tope kuwatoa? Polisi, Zimamoto, wanajeshi, vijana wa mtaani. Walitoa mpaka watoto wadogo. Halafu mtu anarudi nyumbani, anaulizwa "umekula?"

Zamani hali hii ilikuwa aibu. Kwenye Vita ya Kwanza ya Dunia wanajeshi wa Uingereza walitetemeka, wakakosa usingizi, wengine hata sauti ikapotea. Daktari Charles Myers aliandika habari zao mwaka 1915, lakini wakubwa wengi waliwaona waoga tu. Na waoga walipigwa risasi na jeshi lao wenyewe, jamani! Ugonjwa huu uliingizwa kwenye mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani mwaka 1980, baada ya Vita ya Vietnam.

Mwaka 1983 Jeffrey Mitchell, Mmarekani aliyewahi kuwa zimamoto, alikuja na njia yake: waokoaji wakusanywe mapema, kila mmoja asimulie alichokiona. Ilisambaa sana, na hata mimi naona ilivyovutia. Lakini tafiti za baadaye zilionyesha kikao kimoja cha namna hiyo hakizuii ugonjwa, na wengine kiliwazidishia. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2011 unasema sikiliza, usimlazimishe mtu kusimulia.

Kwa hiyo mama, usimbane "niambie uliona nini". Mpe chakula, mpe usingizi, kaa karibu. Akitaka kusema, atasema.

Ila kama mwezi umepita na bado anaota ndoto mbaya, anashtuka mvua ikipiga bati, pombe imeongezeka, watoto wanamkimbia, njooni kituo cha afya. Wawili mje. Na akianza kusema ni heri afe, usisubiri mwezi. Mtu huyu kazini anakabidhiwa bunduki. Njooni siku hiyo hiyo, hata usiku.