Mavazi ya kujikinga ya wapinzani wa uwindaji wa nyangumi

Wanaharakati wa Sea Shepherd waliozikabili meli za Japani zilizokuwa zikiwinda nyangumi katika bahari ya Antaktika walivaa kofia ngumu, miwani ya kukinga macho, jaketi okozi na suti zisizopitisha maji. Suti ndiyo muhimu zaidi, kwani maji ya huko hukaribia kuganda na anayetumbukia bila suti huishiwa nguvu kwa dakika chache. Masikio nayo yalihitaji kinga, maana meli hizo zilitumia mizinga ya maji na vyombo vya kutoa mlio mkali. Dhidi ya mgongano, mavazi hayana msaada mkubwa: Januari 6, 2010, meli Shonan Maru 2 iliikata pua boti yao, Ady Gil. Mabaharia wake 6 waliokolewa.

Meli yao Ocean Warrior, iliyoundwa kwa mapambano hayo, ilifika Tanzania mwaka 2018 kwa Operesheni Jodari dhidi ya uvuvi haramu. Huku baridi si tishio. Silaha ndizo tishio. Kwa hiyo melini walikuwamo askari wa Tanzania wenye bunduki na maofisa wenye mamlaka ya kukagua. Januari mwaka huo ilikamatwa Buah Naga 1 ya Malaysia, ikiwa na mapezi ya papa na bastola. Ilizuiliwa katika bandari ya Mtwara.