Kanuni za Kuongozea Mtambo

Ebrahim Mamdani alizaliwa Tanganyika katika mwaka 1942, akasoma Bara Hindi, kisha akaenda Uingereza kwa masomo ya juu. Huko London, katika Chuo cha Queen Mary, yeye na mwanafunzi wake Sedrak Assilian walifanya jambo geni: waliongoza injini ndogo ya mvuke kwa maneno. Habari za jaribio hilo zilichapwa mwaka 1975.

Desturi ya wahandisi ilikuwa kuueleza mtambo kwanza kwa milinganyo ya hesabu. Mitambo mingi haikubali kuelezwa hivyo kwa urahisi. Lakini mchochea moto aliyeuzoea wake huuongoza vema bila mlinganyo wowote. Ajua kwamba msukumo wa mvuke ukiwa chini kidogo, na ungali ukishuka, hapana budi moto uongezwe. "Kidogo" hicho si 5 wala 6. Lotfi Zadeh, mzaliwa wa Baku aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, alikuwa amekwisha kuonyesha njia mwaka 1965. Alieleza seti za fazi, yaani seti zisizo na mpaka mkali, ambamo kitu chaweza kuwamo kwa robo, kwa nusu, au chote. Kwa hesabu hiyo neno la mchochea moto liliweza kuingia mtamboni likabaki neno.

Injini ya London ilikuwa na kanuni chache, na mtu aliweza kuzisoma zote kwa kikao kimoja. Mitambo mikubwa haikuwa na upole huo. Tuseme kila kipimo kimegawanywa kwa maneno 7, tangu "chini mno" mpaka "juu mno". Vipimo 2 vyataka kanuni 49, maana kila neno la kipimo hiki lakutana na kila neno la kile. Vipimo 3 vyataka 343, na 4 vyataka 2,401. Nani atazisoma? Njia iliyobuniwa ili ifahamike na watu ikageuka msitu.

Mwaka 1991 Raju, Zhou na Kisner walieleza upangaji wa ngazi: vipimo 2 vitoe jibu, jibu hilo likutane na kipimo cha 3, na kadhalika. Vipimo vyetu 4 sasa vyataka ngazi 3 za kanuni 49, jumla 147. Ni nafuu kubwa, ila jibu la katikati huenda lisiwe na jina lolote kinywani mwa mfanyakazi.

Setnes na wenzake wa Delft, Uholanzi, walishika njia nyingine mwaka 1998. Walilinganisha seti zenyewe. Zilizokaribia kufanana ziliunganishwa kuwa moja, na ile iliyoenea karibu kipimo kizima iliondolewa, kwa kuwa haisemi lolote. Hapo kanuni mbili zilijikuta zikisema neno moja, na moja yao ikafutwa. Kwangu mimi hii ndiyo tiba iliyo bora, kwani huyarudisha maneno kwa msomaji.

Wapo wanaopunguza kwa kuhesabu matumizi: kanuni isiyotumika hutupwa. Hapa pana hatari. Kanuni isemayo la kufanya mvuke unapokaribia kulipasua tangi yaweza kukaa miaka mingi bila kuitwa hata mara moja, na katika hesabu ya namna hiyo ndiyo itakayofutwa kwanza.