Itombwe: Shamba la babu lilipogeuka kosa

Wasikilizaji wa Lubondja, na ninyi mliokimbia mkiacha mashamba huko juu milimani, habari ya msitu wa Itombwe inawahusu. Mwaka 2006 waziri huko Kinshasa alitia sahihi amri ya kuufanya hifadhi. Wakaaji hawakuulizwa. Ndani ya ramani kulikuwa na vijiji na malisho, basi shamba la babu likahesabiwa kuwa msitu uliokatwa bila ruhusa.

Hasara ya wanyama nayo ni ya kweli. Kuna ndege mdogo aliyepewa jina la Grauer: anaishi kwenye vinamasi vya milima ya kwetu, Rwanda, Burundi na Uganda tu. Kinamasi kikilimwa, hana pa kuhamia.

Baadaye wanakijiji, ICCN na mashirika walichora mipaka upya pamoja, na mwaka 2016 gavana wa Kivu Kusini akaithibitisha: karibu kilomita za mraba 5,700, pungufu kuliko mwanzo. Miaka kumi! Mimi naona haikupotea bure. Ukingo wa kinamasi ukipumzishwa jembe na ng'ombe, majani hurudi. Lakini nani atauacha bila kujua mpaka? Sasa vita vimewahamisha wengi waliokubaliana, na anayelima hapo leo huenda hakuwapo kwenye mazungumzo.