Nani Huamua Gemu Itumie Kadi Gani?

Wenye laptopu huuliza sana: mbona gemu inakwamakwama ilhali nimelipia mashine yenye kadi kali ya grafiki? Mara nyingi kadi ni nzima, ila gemu haiitumii. Tuanzie nyuma kidogo.

Mwaka 1996 kampuni ya 3dfx ya Marekani ilitoa Voodoo Graphics yenye memori ya MB 4. Ilichora 3D pekee. Kadi yako ya kawaida ilibaki palepale, waya mfupi ukatoka humo hadi kwenye Voodoo, kisha Voodoo ikaenda kwenye skrini. Gemu isiyoandikiwa kadi ya 3D haikuigusa kabisa. Quake ya id Software, iliyotoka mwaka huohuo, ilichorwa yote na prosesa. Januari 1997 ikaja GLQuake iliyotumia OpenGL, na kadi ikapata kazi. Aliyeamua basi alikuwa mwandishi wa gemu.

Baadaye kadi moja ikafanya yote, kama RIVA 128 ya NVIDIA (1997). Skrini ikichomekwa hapo, hakuna la kuamua tena.

Laptopu zikalifufua swali. Kadi kubwa hula betri, kwa hivyo zikawekwa chipu mbili. Sony Vaio SZ ya 2006 ilikuwa na swichi: ukibadilisha, lazima uwashe mashine upya. Mwaka 2010 NVIDIA ikaleta Optimus. Hapa skrini hushikwa na chipu ndogo; ile kubwa huamshwa draiva ikiitambua programu kwenye orodha yake. Gemu ambayo haimo yaweza kuachiwa chipu ndogo. Anayeumia zaidi ni mwandishi asiye na jina: mchezaji anaona gemu ni nzito, anaifuta, anaenda zake.

Dawa ni ndogo. Ndani ya faili ya exe, si DLL, weka kigeu NvOptimusEnablement chenye thamani 1, kionekane kutoka nje ili draiva ikisome. Kwa AMD ni AmdPowerXpressRequestHighPerformance. Mchezaji naye, tangu sasisho la Windows 10 la Aprili 2018, anaweza kuchagua chipu ya kila gemu kwenye mipangilio ya skrini, sehemu ya grafiki.

Kwa hivyo wewe unayeandika gemu, usiiachie draiva ikukisie. Ni mistari miwili tu.